Redio nyingi ila wenyewe ni wachache: simu yangu imekatwa hewani leo asubuhi

MwishoWaReli
Mwakeye wakuu.

Juzi shemeji yangu kapanda basi hapa Kigoma anaelekea Tabora. Gari ikafia porini, ukishapita Malagarasi hujafika Kaliua. Wakalala hapo siku mbili, watoto, wazee, kuna mama alikuwa na samaki wake wa biashara, mgebuka, wakaoza wote, konda anawaambia gari nyingine inakuja, inakuja, haikuja. Leo asubuhi nikasema ngoja nipige redio moja ya hapa mjini, kile kipindi cha kero. Nikapokelewa vizuri tu, nikaanza kueleza, nimefika kutaja jina la kampuni simu ikakata. Mtangazaji akasema mtandao leo unasumbua, akapiga wimbo, wimbo ukaisha likaja tangazo. La basi lile lile. "Safari ya uhakika". Nilicheka peke yangu kama chizi.

Sasa nauliza wajuzi wa humu, hizi redio, TV na magazeti ni za nani hasa? Na kama jina la basi tu halitajiki, siku ya kampeni inakuwaje? Mimi naona nchi hii kinachojulikana na kisichojulikana kinaamuliwa na watu wanaoenea kwenye gari moja aina ya Noah. Nipingeni.

DagaaWaKibirizi
Noah ya Dar au Noah ya Ujiji? Maana ya Ujiji inabeba kumi na nne na mbuzi.

MamaMgebuka
Namuonea huruma huyo mama mwenye mgebuka. Siku mbili kwenye jua lile la Kaliua. Mengine nawaachia wanaume mbishane.

FundiMitambo
Nimefanya kazi redioni miaka sita, sio hiyo ya mleta uzi, nyingine, mkoa mwingine. Ngoja nikuingize jikoni. Mwenye redio yetu alikuwa haji hata kwenye jengo, anapiga simu mwisho wa mwezi kuuliza umeme mmelipa. Hajawahi kuniambia usiseme hiki. Wala hana haja ya kusema. Mtangazaji hana mshahara wa maana, anakula asilimia kwenye matangazo anayoyatafuta mwenyewe mtaani. Huyo aliyekukatia simu inawezekana kabisa tangazo la basi kalileta yeye kwa miguu yake, na ada ya mtoto imo humo humo. Sasa hapo simu kaikata mwenye redio? Kaikata mtu anayelinda ugali wake.

Kwa hiyo mimi swali la "ya nani" naliona la pili. La kwanza ni nani analipa.

MnyamweziWaIpuli
Mwangaluka. Fundi ana hoja ila kashika mkia, ng'ombe mwenyewe yuko mbele. Tuhesabu basi tuone hiyo Noah inajaa au haijai.

ITV, Radio One, EATV, East Africa Radio, Nipashe na The Guardian, zote IPP, marehemu Mengi mpaka anafariki 2019. Mwananchi, Mwanaspoti na The Citizen zikakua chini ya Nation Media Group ya Nairobi ambako mwenye hisa nyingi alikuwa Aga Khan. Star TV, Radio Free Africa (RFA) na Kiss FM ni Sahara ya Mwanza, Diallo. Clouds redio na TV, Kusaga na marehemu Ruge. Azam ni Bakhresa. Mtanzania na Rai zilipitia mikononi mwa Rostam. Tanzania Daima ilikuwa ya familia ya Mbowe. Uhuru la CCM. Halafu TBC, Daily News na Habari Leo za serikali.

Humo utaona wafanyabiashara, waziri mstaafu, mweka hazina wa zamani wa CCM, mwenyekiti wa zamani wa chama cha upinzani, chama tawala na serikali. Mtu ambaye hana biashara na serikali na hana kadi ya mkubwa yeyote hayumo. Na hii sio mpya, tangu ITV ambayo ndo TV ya kwanza nchini mchezo ni huo huo.

MsomiWaVumbi
Mnyamwezi umekwenda vizuri ukajikwaa mwishoni. TV ya kwanza nchini ni ya Zanzibar, 1973, tena ya rangi, wakati bara tulikuwa hatuna hata ya nyeusi na nyeupe. ITV ni 1994.

Na mnaotaka majina ya wenye hisa kwa undani, 2018 Baraza la Habari na wale Waandishi Wasio na Mipaka walifanya kazi ya kuwachambua wamiliki wa vyombo vikubwa vya hapa wakayaweka mtandaoni. Mleta uzi ungeanzia huko kabla ya kupanda Noah.

MnyamweziWaIpuli
Nimekubali kosa la Zanzibar.

MzeeWaGungu
Vijana mnaogopa sana wenye redio. Niwape kisa kimoja. Diallo alikuwa na kila kitu Kanda ya Ziwa. RFA ile tulikuwa tunaisikia mpaka huku, salamu za usiku, taarifa, kila kitu, nyumba haikuwa nyumba bila RFA. Ana televisheni, ana redio mbili, kashakuwa waziri. 2010 pale Ilemela akapigwa na Highness Kiwia wa Chadema. Jamaa hana redio hata ya mkulima ya kuning'iniza kwenye baiskeli. Sasa niambieni hiyo nguvu ya mwenye chombo iko wapi? Mwananchi anakusikiliza, anacheza na muziki wako, kura anampa mwingine.

KasuluKwanza
Mzee umeua uzi.

MsomiWaVumbi
Hajaua. Kisa cha Mzee wa Gungu ni cha kweli na nakipenda, ila kinapima kitu tofauti. Mtu mmoja kwenye jimbo lake anajulikana kwa mengine, barabara, maji, alivyopokea wageni, alivyozika watu. Redio haiwezi kumsafisha mtu ambaye jirani zake wanamjua. Redio inafanya kazi kwa vitu ambavyo jirani hawezi kukuambia.

Nitoe mfano wa mbali. Marekani Fox News ilipoanza 1996 haikuingia miji yote kwa mpigo, kampuni za kebo zilikuwa zinaichukua hapa, zinaiacha pale. Wachumi wawili wakakaa wakalinganisha miji ilivyopiga kura 2000. Palipoingia Fox, Republican walipata nyongeza ya asilimia 0.4 mpaka 0.7. Utasema kidogo. Sawa ni kidogo, ila Bush mwaka huo alichukua Florida kwa kura 537. Kwa hiyo mwenye chombo hapati watu wote, anapata kijiko kimoja juu ya sahani, na kuna siku kijiko ndo kinachoamua.

Na Italia ndo kuna funzo lenyewe. Berlusconi alikuwa na chaneli tatu kubwa, na zilipoanza kusambaa miaka ya 80 hazikuwa na siasa kabisa, ni tamthilia, michezo ya bahati, wasichana wanacheza. Watafiti wakaja kukuta sehemu zilizozipata mapema zilimpa kura nyingi baadaye kuliko zilizochelewa, na waliokulia mbele ya zile tamthilia wakiwa watoto walikuwa kati ya walionasa zaidi. Hakuwashawishi kwa taarifa ya habari. Kawalea na burudani, akaja 1994 akiongea lugha waliyoizoea. Kanunua timu ya mpira mwaka huo huo, akawa waziri mkuu.

RossoneriMwanga
Hapo hapo simama. Milan kainunua 1986. 1994 ndo tumeipiga Barcelona 4-0 fainali pale Athens, mwezi ule ule anaanza uwaziri mkuu. Usicheze na historia yetu.

MsomiWaVumbi
Asante kwa sahihisho. Umenisaidia hata hoja yenyewe, kumbe alianza na mpira miaka minane kabla.

DagaaWaKibirizi
Rossoneri na wewe umezaliwa lini hiyo 4-0 "tumeipiga". Ulikuwa umebeba maji ya wachezaji?

KatoroBoy
Hapa watu wanazungusha maneno. Mnasema mwenye hisa, mnasema mwenye tangazo. Mwenye SWICHI hamumtaji. Unaweza kuwa na redio yako, hela yako, mtambo wako, leseni ikikaa mkono wa mtu mwingine huna redio una mapambo.

Januari 2018 TV tano, ITV, Star TV, Channel Ten, EATV na Azam Two, zilipigwa faini jumla milioni 60 kisa wamerusha tamko la Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Wamiliki wanne tofauti, matajiri watupu, faini siku moja. Oktoba 2024 Mwananchi wakafungiwa leseni ya mtandaoni siku 30 kwa ajili ya katuni. Tanzania Daima wakanyang'anywa leseni 2020. Hata Uhuru, gazeti la chama chenyewe, lilisimamishwa siku 14 Agosti 2021 kwa kuandika kwamba Mama Samia hana mpango wa kugombea 2025. Sasa kama wa chama mwenyewe anafungiwa, mnajadili hisa za nini?

Na Bunge laivu lile Nape, waziri wa habari wa wakati ule, alikataa kulizima ndo maana akatumbuliwa.

MsomiWaVumbi
KatoroBoy mpaka hapo mwisho nilikuwa na wewe. Umegeuza. Nape ndiye aliyesimama bungeni Januari 2016 kutangaza kwamba TBC inaacha kurusha laivu, akasema ni gharama, bilioni 4.2 kwa mwaka. Kutumbuliwa ni Machi 2017, baada ya ule mkasa wa Makonda, mkuu wa mkoa wa Dar wakati ule, kuingia Clouds usiku na askari wenye silaha. Nape akaunda kamati, akapokea ripoti, kesho yake hana uwaziri. Vitu viwili tofauti.

KatoroBoy
Sawa mkuu. Ila hilo la Clouds si linanipa mimi pointi? Kusaga na Ruge ndo wenye chombo, na mkubwa kaingia na bunduki mpaka studio. Umiliki uliwasaidia nini usiku ule?

FundiMitambo
Uliwasaidia kesho yake. Nchi nzima ilijua kwa sababu ni Clouds. Ingekuwa redio yetu ya bati kule mkoani ungejulia wapi.

MnyamweziWaIpuli
Fundi hapo umesema kitu bila kujua umekisema. Ukubwa una ubaya wake na una ngao yake. Kachombo kadogo kanakojitegemea ni kazuri kwenye karatasi, mkuu wa polisi wa wilaya akikasirika kanafunga siku hiyo hiyo. Ndo maana sio kila aliyejikusanyia vyombo ni adui.

Bunge laivu nikumbushe kitu vijana msichokijua. Urambo tulikuwa na Sitta, spika 2005 mpaka 2010. Mzee pale kijijini anauza tumbaku yake chama cha msingi, jioni anakaa kwenye redio anasikiliza Bunge kama tunavyosikiliza mpira leo, anajua nani kauliza swali gani. Nyie wa Kigoma Zitto mlimjuaje 2007 alipotolewa bungeni kwa ile ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi? Kwa kuona na kusikia. Sasa hivi mbunge akifukuzwa utaona sekunde 40 alizochagua mtu.

KasuluKwanza
Zitto tulimjua kwa sababu ni mtoto wa Mwandiga, usituletee Buzwagi.

Kibondo_Nyakitonto
Mimi nitasema kitu kizito kidogo mnisamehe. Wote mnaongea kana kwamba serikali ikikaa pembeni na redio zikawa za watu binafsi basi demokrasia imefika. Sisi wa huku mpakani tumeona kilichotokea. RTLM ya Rwanda ile radio ya serikali iliyochochea mauaji 1994, tulipokea watu wengi kwa sababu ya kile kitu. Bibi yangu mpaka leo akisikia mtu anapiga kelele redioni anazima.

MsomiWaVumbi
Pole kwa bibi. Sahihisho moja, na linaongeza uzito wa hoja yako: RTLM haikuwa ya serikali. Ya serikali ilikuwa Radio Rwanda. RTLM ilikuwa kampuni, ina wenye hisa, imeanza kurusha katikati ya 1993 wakati watu wanashangilia kwamba sasa kuna redio huru. Mwenyekiti wake alikuwa Kabuga, tajiri, yule aliyekuja kukamatwa karibu na Paris 2020. Waanzilishi wawili, Nahimana na Barayagwiza, walihukumiwa hapa hapa kwetu Arusha Desemba 2003.

Watangazaji wake walikuwa wachangamfu, wanapiga muziki mzuri, wanataniana na wasikilizaji. Ndo maana vijana waliiacha ya serikali iliyokuwa inasoma taarifa kama mahubiri.

Kibondo_Nyakitonto
Sikujua kwamba ilikuwa ya wenye hisa. Miaka yote najua ya serikali.

NyanzaYaMagharibi
Upande wa pili wa hiyo sarafu ni Burundi 2015 na hii niliishuhudia mimi nikiwa Kagunga kwa mambo ya dagaa. Redio zao za binafsi, RPA, Bonesha, Isanganiro, zilikuwa zinashika vizuri tu kwenye vijiredio vya wavuvi. Ile wiki ya jaribio la mapinduzi, Mei 13 na 14, zikachomwa na kuvunjwa, na televisheni ya Renaissance. Ukizungusha kile kitufe unakutana na mvumo tu. Wavuvi wa Burundi waliokuwa ufukweni walinyamaza, mmoja akasema kwa Kirundi maneno ambayo tafsiri yake ni "sasa hatuna macho". Watu walikuwa washaanza kuvuka wakazidi, Kagunga ikajaa mpaka huoni mchanga, Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini. Kilichonigusa ni kwamba wengi hawakuwa wameona risasi. Walikuwa hawajui kinachoendelea, na mtu asiyejua anakimbia kwanza.

MamaMgebuka
Nakumbuka Lake Tanganyika stadium ilivyojaa wakati ule. Tuliwapelekea uji.

SautiYaUjiji
Naomba niseme kitu cha kiufundi maana wengi mnahesabu vibaya. Mnahesabu vituo. Hesabuni VYUMBA VYA HABARI. Asubuhi hapa mjini nikizungusha redio saa moja kamili, hii inasoma magazeti, ile inasoma magazeti, na ile nyingine mtangazaji anasoma magazeti huku anacheka. Magazeti yenyewe ni yale yale sita saba ya Dar. Mchana watajiunga na Dar kwa taarifa ya habari, jioni wanajiunga na London au Ujerumani. Kwa hiyo redio kumi na mbili lakini waliotoka nje kwenda kuuliza mtu swali labda wawili. Hata kila redio ingekuwa na mwenyewe tofauti, habari ni ile ile.

Na mkiona hatari ya kujiunga angalieni VOA, Sauti ya Amerika, redio ya serikali ya Marekani. Redio ngapi za mikoani zilikuwa zinachukua VOA ya Kiswahili bure? Machi 2025 Trump kasaini karatasi, wafanyakazi wakapewa likizo ya lazima, kimya. Sahihi moja Washington, mtu wa Buhigwe hana taarifa ya jioni. Watu waliziba na bongofleva.

FundiMitambo
Kweli kabisa. Tulikuwa tunasema "tunajiunga na wenzetu" kumbe tunaenda kunywa chai.

Kibondo_Nyakitonto
Ila huku kwetu tunayo Kwizera ya Ngara. Hiyo ilianzishwa 1995 na Wajesuiti kwa ajili ya wakimbizi, mpaka leo wanatuma watu vijijini. Mwenye nayo ni kanisa. Kwa hiyo sio kila mwenye chombo anatafuta hela au ubunge.

KatoroBoy
Kanisa nalo lina mambo lisiyoyasema.

Kibondo_Nyakitonto
Sijakataa. Nimesema wanatuma watu vijijini.

KalamuYaMkoa
Nimesoma wote kimya kimya, sasa niseme langu kwa kuwa ndo kazi yangu. Mimi ndo yule "mwandishi wetu, Kigoma". Gazeti la Dar, jina kaburini. Sina mkataba. Nalipwa kwa stori iliyotoka, isiyotoka silipwi, na nauli ya kwenda Kalya kufuata stori nalipa mimi, siku mbili kwa boti. Sasa niambieni nitaenda Kalya kufuata zahanati isiyo na dawa, nirudi, mhariri aseme "haina mvuto wa kitaifa"? Au nitaenda kwenye semina pale hotelini, kuna chai, kuna bahasha ya nauli, na stori inatoka kwa sababu mgeni rasmi ni mkubwa?

Hakuna tajiri aliyenikataza kwenda Kalya. Hapo ndo mnapokosea wote, mnatafuta mtu aliyekataza. Mwaka juzi niliandika kuhusu mwekezaji na wanakijiji, stori nzuri, pande zote zimeongea. Mhariri akanisifu. Haikutoka. Wiki ya pili namuuliza ananiambia "ile subiri kidogo". Bado nasubiri. Sijui kama ni mwenye gazeti, sijui kama ni tangazo, sijui kama ni mhariri mwenyewe kaogopa kivuli. Na kutojua huko ndo kunakofundisha. Stori ya namna ile sijaandika tena, na hakuna aliyeniambia nisiandike.

MwishoWaReli
KalamuYaMkoa umenikata maini.

MzeeWaGungu
Ndo maana gazeti la Dar likifika hapa, tena lilikuwa linafika kesho yake, Kigoma tumo kwa habari tatu tu: mkimbizi, sokwe wa Gombe na mchawi.

MnyamweziWaIpuli
Na sisi ni maembe, asali na imani za kishirikina. Afadhali nyie mna sokwe.

MuuzaVingamuzi
Mimi nauza ving'amuzi hapa Mwanga na nafunga madishi. Mnasahau mtu mmoja, mwenye bomba. Agosti 2018 asubuhi nimeamka simu arobaini, wateja wanadai nimewauzia kitu kibovu. Kumbe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wamezuia Azam, DStv na Zuku wasionyeshe zile chaneli za bure, ITV, Star TV, Channel Ten, kwamba leseni zao haziruhusu. Dar ukiwa na king'amuzi cha antena unanasa. Huku kijijini antena hainasi kitu, mtu ana dishi tu. Kwa hiyo mtu wa Uvinza ana TV, ana umeme wa sola, kalipia, na ITV haoni. Zilikuja kurudi baadaye lakini muda ule wote watu wa kijijini walikuwa wanaona tamthilia za Kituruki na mpira. Mwenye chaneli hakubadilika, hisa hazikuuzwa, ila chaneli haikuonekana.

RossoneriMwanga
Na mpira wenyewe ni wa Azam. Ligi Kuu mkataba wa 2021, miaka kumi, bilioni 225.6. Tajiri ana timu kwenye ligi, ana haki za kuonyesha ligi, wachambuzi analipa yeye. Siku Azam FC wakipewa penalti ya utata nani atasema?

DagaaWaKibirizi
Atasema kila mtu, maana wachambuzi wote ni Simba na Yanga. Azam FC pekee ndo timu inayoonewa na mwenye TV yake.

KasuluKwanza
Hahaha huu ni ukweli mchungu.

Gen_wa_Mwandiga
Wazee shikamoni. Ila mnaongelea vitu vya makumbusho. Mimi sijawasha redio tangu nimalize form four. Taarifa napata kwenye simu, magrupu, TikTok. Kila mtu na simu yake ni chombo cha habari, hiyo Noah yenu imeshapitwa.

SautiYaUjiji
Marahaba. Na simu yako hiyo magrupu ya nani? WhatsApp, Facebook na Instagram ziko mkononi mwa mtu mmoja, hata Noah haihitajiki, anaenea kwenye bodaboda. Twitter Musk kainunua 2022 dola bilioni 44, akabadilisha jina, anaamua nini kipande juu nini kishuke. Sisi huku tulikuja kufungiwa kabisa Mei 2025 tukawa tunaingia kwa vipieni. Na Oktoba 29 mwaka ule siku ya kura intaneti ilikuwepo? Siku tano hujui mwenzako wa Mbeya yuko hai au la. Hiyo ndo "kila mtu ana chombo".

Gen_wa_Mwandiga
Hapo kwenye Oktoba sina cha kujibu.

KatoroBoy
Nilisema SWICHI. Rudini mkasome.

Msimamizi
Tunaomba mjadala ubaki kwenye mada ya umiliki wa vyombo vya habari. Tumefuta machapisho mawili.

DagaaWaKibirizi
Mwenye jukwaa kajitokeza 😂 naye tumpe siti kwenye Noah.

MnyamweziWaIpuli
Kabla uzi haujafungwa nimjibu Fundi la mwanzo, nani analipa. Serikali ni kati ya watoa matangazo wakubwa nchi hii, zabuni, nafasi za kazi, salamu za pongezi kurasa nane. Kama hela nyingi inatoka mfuko mmoja, na leseni inatoka ofisi ya upande huo huo, basi hata wamiliki wakiwa mia ni kama mmoja. Wahungaria walifika huko kwa njia ya mkato, 2018 matajiri rafiki wa serikali waligawa bure vyombo zaidi ya 400 kwa taasisi moja. Bure! Tajiri gani anagawa mali bure kama hana kingine anachopata?

FundiMitambo
Kwa hiyo umerudi kwangu. Nani analipa.

MnyamweziWaIpuli
Nimerudi nusu. Kenya matangazo ya serikali yapo na wamiliki ni familia za kisiasa, Kenyatta wana K24 na Kameme, Moi wana Standard, na bado Januari 2018 siku Raila anajiapisha, Citizen, KTN na NTV walirusha wakazimwa. KTN ni ya nyumba ya Moi! Kwa hiyo kuna kitu kingine, sijui niite nini, waandishi wenyewe wana mgongo kiasi gani.

KalamuYaMkoa
Mgongo unao ukiwa na mkataba.

MzeeWaGungu
Mnaniambia niogope wote sasa, mwenye hisa, mwenye tangazo, mwenye swichi, mwenye bomba, mwenye TikTok. Mimi na Diallo wangu hamjanijibu bado.

MsomiWaVumbi
Nilikujibu mzee, kijiko juu ya sahani.

MzeeWaGungu
Hicho kijiko cha Marekani. Cha Ilemela sijakiona.

MwishoWaReli
Nimerudi wakuu, ahsanteni. Mrejesho: mchana nimepigiwa simu na yule mtangazaji mwenyewe, sio redioni, kwenye simu yake. Kaniomba radhi kiutu uzima, kasema "kaka naelewa, ila unajua hali". Nikamuuliza tangazo lile la basi kalileta nani. Akakaa kimya kidogo, akasema "mimi". Fundi, sikujui ila kuanzia leo nitakuita mganga.

Ila nikamuuliza na la pili, kama basi lingekuwa la mtu asiyelipa tangazo ungeniacha nitaje? Kasema ndio, "ila sio kama ni ya mheshimiwa". Nikamwambia basi niambie mheshimiwa gani nisimtaje. Kacheka akakata. Safari hii nadhani mtandao kweli ulikuwa unasumbua.

FundiMitambo
😂😂 Mtandao wa Kigoma bwana.

KatoroBoy
Shemeji alirudishiwa nauli?

MwishoWaReli
Nusu. Na wamemwambia asiseme kwa wengine.

MamaMgebuka
Mwisho wa Reli, huyo mama wa mgebuka shemeji yako ana namba yake? Anauzia Soko Kuu Tabora au wapi? Kuna dagaa wangu wanatoka hapa Ijumaa na lori, naweza kumpa gunia moja akauza akanilipa akirudi. Nitumie inbox.